Kutunga muziki wa filamu ukiwa Mbeya au Iringa: mwongozo kamili, kuanzia skripti hadi hakimiliki

Mara nyingi simu huingia filamu ikiwa imeshahaririwa. Dairekta anampigia prodyuza wa Mwanjelwa au Mlandege: "Mdogo wangu, nipatie biti ya huzuni ya dakika mbili, na nyingine ya ugomvi. Kesho tunapeleka Dar." Prodyuza anapekua biti zilizokosa msanii, anachagua mbili, anazituma kwa WhatsApp, na habari imeishia hapo. Ukiitazama filamu hiyo baadaye unasikia wazi kwamba muziki na picha havijawahi kukutana.

Mwongozo huu ni wa prodyuza huyo, na wa mwalimu wa kwaya, mpiga kinanda wa kanisani au kijana yeyote mwenye kompyuta na maikrofoni moja anayetaka kutunga muziki kwa ajili ya filamu fulani, tena filamu hiyo tu. Nitapita njia waliyopita watunzi walioteuliwa na kushinda tuzo za Oscar, kwa sababu mambo mengi wanayofanya hayahitaji pesa za Hollywood. Yanahitaji kuanza mapema na kuchagua vizuri. Mfano wetu utakuwa filamu fupi ya kufikirika ya dakika 22: binti anatoka kijiji cha juu ya Tukuyu kwenda Tunduma kumtafuta kaka yake, aliyekwenda kubeba mizigo mpakani na hajarudi.

Kwanza: jua muziki gani unahesabika kuwa mpya

Kanuni za Oscar zinataka angalau asilimia 35 ya muziki wote uliomo kwenye filamu uwe umetungwa kwa ajili ya filamu hiyo. Filamu ikiwa ni mwendelezo wa nyingine, muziki mpya unatakiwa ufike asilimia 80. Kanuni hizi zimewaumiza hata wakubwa. Mwitaliano Nino Rota aliteuliwa kwa muziki wa The Godfather ya 1972, kisha uteuzi ukafutwa ilipobainika kwamba sehemu ya muziki huo aliwahi kuutumia kwenye filamu ya Kiitaliano ya 1958. Miaka miwili baadaye akashinda kwa sehemu ya pili ya hadithi ileile, akigawana tuzo na Carmine Coppola. Jonny Greenwood naye, mpiga gita wa Radiohead, aliwekwa kando kwa There Will Be Blood ya 2007 kwa kuwa ndani yake mlikuwa na vipande vya kazi aliyoitunga kabla.

Filamu yetu ya Tukuyu haiendi Los Angeles kesho. Lakini matamasha, televisheni na majukwaa ya mtandaoni yanayonunua filamu huuliza swali hilohilo kwa namna nyingine: muziki huu ni wa nani? Kama biti yako imeshauzwa kwa msanii, au ngoma zake umezikata kwenye wimbo wa mtu, jibu litawatoa jasho wewe na dairekta wako.

Pili: ingia kabla ya kamera

Hapa ndipo wengi wetu tunapopoteza kazi nzima. Ennio Morricone alitunga muziki wa Once Upon a Time in the West kabla filamu haijapigwa, na dairekta wake, Sergio Leone, akaupiga palepale kwenye seti ili waigizaji watembee ndani yake. Hildur Guðnadóttir wa Iceland aliisoma skripti ya Joker, akatunga kwa selo yake na kumtumia dairekta. Ile dansi ya polepole ya mwigizaji Joaquin Phoenix chooni ilizaliwa kutokana na muziki huo. Mwaka 2020 mama huyo akaondoka na Oscar.

Kwa hiyo omba skripti. Kama hakuna skripti iliyoandikwa, na kwetu hilo si ajabu, mwombe dairekta akusimulie filamu nzima kwa sauti, wewe ukiwa unarekodi kwa simu. Usikilizapo andika mambo matatu: nani hasemi anachokihisi, sauti gani zimo tayari ndani ya hadithi, na ni sini ipi ambayo baada yake hakuna kinachobaki kama kilivyokuwa. Kwenye filamu yetu, binti hasemi kwamba anaogopa. Sauti zilizomo ni mvua juu ya bati, injini za malori yaliyopanga foleni Tunduma, na tarumbeta, maana kaka mtu alikuwa akipiga tarumbeta kwenye bendi ya kanisa. Sini inayogeuza kila kitu ni pale anapolikuta tarumbeta la kaka yake likiuzwa kwenye meza ya vitu vya mitumba.

Ukishapata hayo, zaidi ya nusu ya filamu umeshaitunga, na kompyuta bado haijawashwa.

Tatu: chagua sauti moja inayomilikiwa na hadithi

Ludwig Göransson, Mswidi, alipopewa Black Panther alifunga safari hadi Senegal, akazunguka na Baaba Maal katika ziara yake ya muziki, akarekodi ngoma ya tama na filimbi ya Wafulani. Akapita pia Afrika Kusini kwenye maktaba ya muziki wa Afrika aliyoianzisha Hugh Tracey. Oscar yake ya kwanza aliipokea 2019. Maktaba hiyohiyo inatunza sauti ambazo Tracey alizirekodi Tanganyika mwaka 1950, wakiwemo Wahehe waliokuwa wakiimba na kupiga ligombo, kile kinanda cha nyuzi chenye mwili wa mbao iliyochimbwa. Mtu anavuka bahari kutafuta sauti za namna hiyo, na sisi tulioko Iringa tunashusha violini za kompyuta. Sisemi violini ni dhambi. Nasema usianze nazo.

Mfano mwingine, wa bei nafuu zaidi. Volker Bertelmann, Mjerumani aliyeshinda 2023 kwa All Quiet on the Western Front, alitumia kinanda cha mivuo cha bibi mzaa bibi yake. Aliweka maikrofoni ndani kabisa ili zisikike mbao na mivuo vikigugumia, akapiga noti tatu tu zinazotisha kama mashine ya vita. Vinanda vya namna hiyo vimo kwenye makanisa ya zamani ya kwetu pia, vingine vimefunikwa kitambaa na hakuna anayevigusa.

Kwenye nyanda hizi una mengi ya kuchagua: bendi za matarumbeta za kanisani, kwaya za Njombe na Makete, ngoma za Wanyakyusa, mganda wa mwambao wa Ziwa Nyasa unaopigwa kwa ngoma na vibuyu vya kupuliza, mashine za kupasulia mbao kule Mafinga. Chagua moja. Sababu ya kuichagua itoke ndani ya hadithi. Kuna tabia ya kubandika ngoma kila filamu inapokwenda kijijini, kana kwamba wanakijiji hawaamki bila ngoma. Ngoma ina siku yake na shughuli yake: ya mazishi si ya harusi, na mzee wa Rungwe akiisikia pasipo pake atacheka mahali ulipotaka alie. Muulize mwenye ngoma kabla hujaitumia.

Kwa filamu yetu sauti ni tarumbeta. Msaidizi wake ni kibuyu cha mganda, na kinafaa kwa sababu ya historia yake: mganda ulikua kutokana na watu kuziiga bendi za kijeshi za enzi za ukoloni, vibuyu vikichukua nafasi ya matarumbeta. Basi binti anapokuwa na tumaini tunasikia tarumbeta lenyewe. Anapokuwa na kumbukumbu tu, tunasikia kibuyu kikiliiga.

Nne: kikao cha alama

Filamu ikishakatwa, kaa na dairekta na mhariri muitazame yote bila muziki. Mwombe mhariri atoe nakala ya video yenye saa inayoonekana kwenye picha (dakika, sekunde, fremu), na akuahidi kwamba hatabadili tena mkato. Akibadili sekunde tatu baada ya wewe kutunga, kila kipande kinachofuata kitateleza.

Mnapotazama, kwa kila sini ulizeni kama muziki unahitajika, kisha andikeni wapi unaingia, wapi unatoka, na unaingia kwa sababu gani. Hiyo sababu iandikwe kwa maneno. "Huzuni" haitoshi. Kwenye filamu yetu orodha inaweza kusomeka hivi:

Kipande 1, kutoka 01:10 hadi 01:52. Kinaingia binti anapofunga mlango, kinaisha basi linapoondoka. Kazi yake: tujue kwamba hajaaga.

Kipande 2, kutoka 07:30 hadi 08:07. Foleni ya malori. Muziki uchipuke ndani ya mlio wa injini, usijulikane ulianza lini, ukatike anapoliona tarumbeta mezani.

Kipande 3, kutoka 08:40 hadi 10:15. Anapatana bei. Mazungumzo ni mengi, kwa hiyo noti ndefu za chini tu.

Kati ya kipande cha pili na cha tatu hakuna kitu kwa sekunde 33. Tetea ukimya huo. Dairekta ataogopa, atasema hapo panapwaya, ataomba "kitu chochote kidogo". Mwambie aitazame mara mbili kwanza. Filamu ya dakika 22 haihitaji zaidi ya dakika nane au tisa za muziki, na tamthilia zetu nyingi zingepata nguvu mpya kwa kufuta nusu ya muziki uliomo.

Jihadhari pia na muziki wa kuazima. Mhariri akikata filamu huku ameweka chini yake muziki wa filamu nyingine, dairekta atauzoea kiasi kwamba chochote utakacholeta kitaonekana si chenyewe. Alex North aliandika muziki mzima wa 2001: A Space Odyssey, na dairekta Stanley Kubrick akaamua kubaki na ule wa kuazima. North alikuja kujua alipoitazama filamu imekamilika. Ukiukuta muziki huo kwenye nakala yako, omba uondolewe, kisha umuulize dairekta anachokipenda ndani yake: mwendo, kimya, au chombo fulani.

Tano: noti chache

John Williams ana uteuzi 54 wa Oscar, na hakuna mtu aliye hai aliyemfikia. Kipande kilichompa sifa kubwa kwenye Jaws ya 1975 kimesimama juu ya noti mbili. Alipompigia dairekta Steven Spielberg kwenye piano, Spielberg alicheka akidhani anataniwa.

Tunga kwa mdomo. Tembea kutoka Uyole hadi nyumbani ukiimba, na kama wazo limepotea kabla hujafika, halikuwa na thamani ya kurekodiwa. Likibaki, lijaribu: liimbe polepole mara mbili, liimbe ukiwa umeacha noti ya mwisho, liimbe kwa sauti nzito. Likiendelea kutambulika katika hali zote hizo, una wazo la filamu. Kwa binti wetu natumia noti tatu zinazopanda, ya tatu ikifika juu kidogo kuliko sikio lilivyotarajia. Filamu nzima tutazisikia mbili tu. Ya tatu inakuja kwenye sini ya mwisho, ipigwe na tarumbeta lililokaa bila kupigwa, lenye kukwaruza.

Sita: hesabu ya mapigo

Hii sehemu huwakimbiza watu bure. Kipande cha pili kina urefu wa sekunde 37, na unataka kifike pale pale jicho la binti linapogota kwenye tarumbeta. Umeimba wazo lako na limekaa kwenye mwendo wa karibu mapigo 72 kwa dakika. Zidisha 37 kwa 72, gawanya kwa 60: unapata mapigo 44.4. Hilo sifuri nukta nne ndilo litakalokuharibia.

Basi chagua idadi kamili ya mapigo, 44, kisha urudi nyuma: 44 mara 60, gawa kwa 37, ni 71.35. Weka programu yako kwenye mwendo huo. Mapigo 44 ni baa 11 za mapigo manne, kwa hiyo tukio linaangukia pigo la kwanza la baa ya 12, mahali ambapo muziki wenyewe ulikuwa unataka kutua. Hakuna mpiga tarumbeta atakayeitambua tofauti ya 72 na 71.35.

Usifanye hivyo kwa kila kofi na kila mlango unaofungwa. Filamu ikipigwa kwa fremu 25 kwa sekunde, fremu moja ni milisekunde 40, na muziki ukichelewa fremu moja au mbili baada ya tukio mara nyingi unasikika wa kawaida zaidi kuliko ukigonga juu yake.

Saba: kurekodi nyandani

Weka programu kwenye kilohezi 48 (48 kHz) na biti 24 (24-bit, si biti za muziki), maana ndicho kipimo cha video. Reaper, Cubase na FL Studio zote zinaingiza video, kwa hiyo usihangaike kubadili uliyoizoea.

Adui wa kwanza ni bati. Kuanzia Novemba hadi Mei usipange kurekodi alasiri Tukuyu. Rekodi asubuhi, na mvua ikianza irekodi nayo, maikrofoni ikiwa pakavu: utaihitaji kwenye filamu, tena ile ya kijijini kwenu ina mlio wake. Usiku wa manane ni kimya ila kwa mbwa na bodaboda, na Jumapili sahau kabisa.

Adui wa pili ni baridi. Ngoma iliyolala kwenye nyumba yenye unyevu inaamka imelegea, ukiipiga inatoa "pu" isiyo na mwisho. Washa makaa nje, ielekeze ngozi kwenye joto kwa umbali ambao mkono wako unaustahimili, izungushe, na ugonge kwa kidole kila baada ya muda. Utasikia mlio ukipanda taratibu mpaka ukaze na kung'aa. Mwenye ngoma ndiye anayejua pa kuishia, mwachie. Kisha rekodi haraka, kwa sababu ndani ya nusu saa itaanza kushuka tena, na vipande vya mwanzo havitaoana na vya mwisho. Ukiipasha tena katikati ya kazi, mwombe apige pigo moja peke yake ulilinganishe na la kwanza kabla ya kuendelea.

Tarumbeta nalo likiwa baridi hushuka sauti. Mpigaji alipulizie pumzi dakika kadhaa kabla hajapiga noti. Usimwekee maikrofoni mdomoni mwa chombo. Isimamishe mita moja na nusu, pembeni kidogo ya mstari wa pumzi, kwenye chumba chenye magodoro ukutani. Kama unataka ukubwa, nenda kanisani siku ya kazi na umweke mwishoni mwa ukumbi. Guðnadóttir, alipotunga muziki wa tamthilia ya Chernobyl, aliingia kwenye kinu cha nyuklia kilichozimwa huko Lithuania akarekodi mlio wa milango na mashine. Wewe una ukumbi wa kanisa, na ufunguo uko kwa mzee wa usharika.

Wanakwaya wanane wanaweza kuwa 24: warekodi mara tatu, kila mara wakibadilishana nafasi, ili sauti ileile isiangukie sehemu ileile.

Nane: kuchanganya na kukabidhi

Maneno ya waigizaji yanaeleweka zaidi kati ya hezi 1,000 na 4,000, na tarumbeta linang'ara humohumo. Ndiyo maana kipande cha tatu hatukukipa tarumbeta. Tatizo hilo litatue wakati wa kutunga. Kupunguza sauti baadaye kunaufanya muziki usikike kama redio ya jirani.

Kabidhi mafungu tofauti: tarumbeta peke yake, ngoma peke yake, sauti za watu peke yake, na mchanganyiko kamili, yote yakianzia sekunde ileile, majina ya faili yakibeba namba ya kipande. Ukimpa mhariri faili moja lililofungwa, atalikata anavyojua yeye.

Tisa: karatasi

Mkataba uwe na majibu ya maswali manne. Nani anamiliki utunzi? Nani anamiliki rekodi? Filamu inaruhusiwa kuutumia muziki wapi na kwa muda gani? Unalipwa lini? Mimi nashauri nusu kabla ya kuanza kurekodi, kwa sababu mpiga tarumbeta na wanakwaya wanataka nauli na chakula siku hiyohiyo, na dairekta atakayekuambia "tutaonana ikishauzwa" huwa ameshamlipa mwenye kamera.

Kila aliyepiga au kuimba asaini karatasi fupi ya ridhaa, yenye jina lake kama anavyotaka liandikwe mwishoni mwa filamu na kiasi alicholipwa. Kama umetumia ngoma au wimbo wa jadi, kumbuka kwamba Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inalinda pia sanaa za jadi. Uliza kuhusu kibali mapema, filamu ikiwa bado iko mezani kwa mhariri. Kazi yako mwenyewe isajili Ofisi ya Hakimiliki Tanzania (COSOTA) kabla ya onyesho la kwanza.

Mwisho andaa orodha ya muziki: kila kipande, jina lake, mtunzi, urefu kwa sekunde, na kama kinasikika na wahusika ndani ya sini au ni mtazamaji tu anayekisikia. Ile sini ambapo muuzaji wa Tunduma anapuliza tarumbeta kuonyesha kwamba ni zima ni ya aina ya kwanza. Yale mengine ni ya aina ya pili. Nakala moja mpe mtayarishaji, nyingine baki nayo, na umwombe aiambatishe kila anapoipeleka filamu kwenye tamasha au kwa mnunuzi.